Kurasa Nne na Nusu

Umeniletea orodha nikusomee, Helve,
maana siku hizi herufi zinakutembea machoni.
Kurasa nne na nusu. Makala sitini na tatu,
miaka thelathini na minane, na kiazi kimoja.

Kimoja, nasema, ingawa nilimenya magunia.
Kila Septemba mkulima wa Võru alitushushia mzigo mlangoni,
udongo bado umeng'ang'ania maganda.
Mimi nilikata. Wewe ulisimama na saa mkononi
ukitazama weupe ukiingia kahawia,
kahawia ikiingia weusi,
kama mtu anayemsubiri mgeni
ambaye jina lake limemtoka.

Swali lilikuwa la mtoto:
kiazi kilichokatwa, kwa nini huwa cheusi?
Jibu lilikula ujana wako.

Namba moja. Kirusi, kurasa sita, karatasi ya kijivu,
jina lako la tatu, nyuma ya mabwana wawili
ambao hawakuwahi kulowesha vidole.

Namba tano hadi kumi: chumba cha baridi.
Orodha haikitaji chumba cha baridi.
Haitaji koti la sufu, wala tone la protini
likishuka kwenye safu ya kioo
kila sekunde kumi na moja, usiku kucha,
nawe unabadilisha mirija kwa vidole vilivyokufa ganzi,
ukinong'ona hesabu
kama asaliye asiyetaka kusikika.

Baada ya kumi na mbili kuna pengo.
Miaka mitatu bila mstari. Wakaguzi huuliza: alilala?
Mwaka mmoja nchi ilibadilisha bendera,
rubo zikawa za kuwashia jiko,
umeme ukakatika Ijumaa
na Jumatatu tukamwaga kazi ya miezi ishirini kwenye sinki.
Mwaka mwingine ulikuwa wa mama yako.
Wa tatu ulijifunza Kiingereza, una miaka arobaini na mmoja,
kwa kamusi iliyochanika kuanzia herufi T.

Halafu kumi na tisa. Nasita.
"Soma," waniambia.
Hiyo ndiyo iliyokupa uprofesa,
ikakupeleka Uppsala na viatu vya kuazima.
Na ishirini na sita, mistari minane, jina lako pekee:
*Tulitangaza kimeng'enya kipya cha kiazi.
Kilikuwa cha ukungu ulioota kwenye ganda.
Makala ile isitegemewe.*

Hakuna aliyekuwa amekuuliza.
Mimi tu ndiye niliyekuonyesha uzi wa kijivu
chini ya jicho la kiazi, asubuhi ya Novemba,
nikitamani ardhi inimeze.
Ulikaa juu ya gunia. Ukacheka. Kisha hukucheka.

Wenzako walisema: nyamaza, itajifia.
Ukaandika usiku uleule.
Ufadhili ukakauka. Wanafunzi wawili wakahama.
Viatu ulikuwa umeshavirudisha.

Leo ofisi ya mkuu wa chuo inashauri, kwa upole,
tuiruke ishirini na sita, orodha ipendeze
siku ya sherehe yako ya kustaafu.
Waichukua kalamu, wapapasa ukurasa,
waniuliza: iko wapi?
Nakushika mkono. Unaipigia mstari chini,
mstari mnene, uliopinda,
unaogusa hadi ishirini na saba.

Jina langu halimo. Nimelitafuta; mimi pia ni binadamu.
Limo mara moja tu, mwisho wa arobaini na nne,
kwenye shukrani, nalo wamelikosea: Laida.
Ukurasa ule niliukata,
nikauweka pamoja na cheti changu cha ubatizo.

Sitini na tatu. Nimemaliza.
Dirishani Emajõgi inabeba vipande vya barafu.
Kwenye ubao wa jikoni umesahau kiazi ulichokata
kabla sijabisha hodi. Kimeshakuwa cheusi.
Nanyoosha mkono nikitupe.

"Ngoja," wasema.
Wakwangua juu kidogo kwa kisu, kwa kupapasa,
na chini yake bado ni peupe.
"Saa ngapi?" waniuliza.
Nakutajia, na sekunde zake.